Mpunga Uliokosa Giza

"Umeupitisha hapa. Hapa hapa, njia yako hii, usiniambie siioni."

Johari binti Kondo alikuwa amesimama katikati ya shamba lake, mpunga umemfika kifuani, mbichi kama wa mwezi wa pili. Na huo ulikuwa mwezi wa tano unakwisha. Mimi nilikuwa upande wangu wa mpaka, nyuma ya migomba yangu, navuna.

"Nimepitisha nini?"

"Mpunga wangu, Subira. Umeuvuta. Tazama ulipoburuta."

Nikatazama, na njia kweli ilikuwepo. Shamba lake lote lilikuwa majani matupu, halina suke hata la kumpa kuku, isipokuwa mstari mmoja. Ulianzia nyuma ya dungu lake, kile kibanda cha juu ya miti tunachokaa kuamia ndege na nguruwe, ukaja unatanuka mpaka kwenye migomba yangu. Ndani ya mstari ule mpunga ulizaa ukainama. Kulia na kushoto, hamna kitu. Na ng'ambo ya migomba, kwangu, shamba zima limeiva.

Basi yeye akaona ni chuma ulete, ile dawa wanayosema inavuta mazao ya mwenzio yaingie kwako. Mimi sina dawa. Dawa ningekuwa nayo ningeanza kwa kutibu goti langu. Lakini sikumjibu hivyo. Nilimjibu, "Mpunga wako umekataa kuzaa kwa kuchoka kukusikia."

Aliruka mpaka. Jembe langu lilikuwa limeegemea mgomba, akalishika kwa mikono miwili, na mpini wake ukanikuta mdomoni. Jino la mbele likatoka na mzizi wake. Nilianguka chali, nikaona damu inaingia kwenye kanga, nami nilikuwa na kisu cha kuvunia mkononi, nikamchana paja, jeraha refu kama kiganja. Hakupiga kelele. Alinipiga tena mgongoni na mpini ukakatika vipande viwili. Watu walipofika tulikuwa tumeshikana nywele kwenye matope, yeye ananimiminia damu ya paja na mimi namtemea damu ya jino.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mshamu, alituweka chini siku ya tatu. Akasema Johari alipe matibabu yangu, mimi nilipe nyuzi za paja lake, na Johari anipe mpini mpya wa jembe.

"Na jino?" nikauliza.

"Jino halina bei. Nyote mna meno ya kutosha, tena ndiyo yanayotusumbua."

Matibabu alilipa siku hiyo hiyo. Mpini akakataa. "Mpini nitampa siku atakaponirudishia mpunga wangu," akasema, akaondoka anachechemea.

Ningeishia hapo ningekuwa nimemwandika mkorofi tu, na hilo kijiji chetu chote cha Mtunda wanalijua bila karatasi yangu. Johari alizaliwa Mahege, akasoma mpaka darasa la nne, akatolewa kwa kumpiga kichwa kaka mkuu. Akaolewa na Ukasha, mkata nguzo za mikoko, mtu mpole hata ukimkanyaga anakuomba radhi. Ukasha alikufa huko deltani, nguzo ilimwangukia kifuani wakati wa kupakia. Mwenye boti alichelewesha maiti siku mbili kwa sababu alitaka kwanza kupeleka mzigo. Alipoileta, Johari alimpokea ufukweni kwa kafi la mtumbwi. Mtu yule mpaka leo sikio moja halisikii.

Alichoachiwa na Ukasha ni mtoto mmoja, Warda, ambaye sasa anashona nguo Mbagala, na shamba lile la bondeni. Shamba lilikuwa la ukoo wa Ukasha. Baada ya ugomvi wetu, shemeji yake Gharibu alikuja kusimama ukingoni, mikono nyuma, anatazama majani.

"Shemeji, shamba limekukataa," akasema. "Msimu mwingine ukipita hivi, linarudi kwa wenyewe."

"Kwa nani?"

"Kwangu."

Johari akamrukia akamng'ata sikio. Mtanisamehe, kwa Johari mambo mengi yanaishia masikioni. Lakini neno la Gharibu halikufutika kwa kung'atwa, wazee wa ukoo walikuwa wamelikubali. Msimu mmoja. Mpunga usipozaa, Johari anarudi Mahege kukaa kwa kaka zake, na umri huo.

Sasa niseme habari ya taa. Juu ya bonde letu kuna ghala la Haruna, anayenunua ufuta na korosho. Mwaka ule wa ugomvi wetu, kabla ya mvua, wezi walilivamia usiku, wakamkata mlinzi wake Saidy panga la shingo. Alipona kwa bahati, ila kichwa chake hakigeuki tena upande wa kushoto. Haruna akasimamisha nguzo ndefu, akafunga taa kubwa nyeupe. Ikiwaka, bonde lote mchana. Tuliipenda. Mimi mwenyewe nilitwangia mpunga chini yake. Hata siku moja hakuna aliyeitazama taa akafikiria shamba la Johari.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata akaja Abdulhalim, mwalimu wa sayansi wa sekondari, akaomba dakika kumi kwenye mkutano wa kitongoji. Akasema kuna programu ya simu ambayo watu wa kawaida nchi nyingi wanaitumia kupima usiku. Unalaza simu chini, kioo juu, inakusomea namba ya mwanga ulioanguka pale. Kisha unatazama juu, unalinganisha nyota unazoziona na picha zilizomo kwenye simu, unachagua inayofanana. Unatuma. Wataalamu wanakusanya, wanajua wapi duniani giza limeliwa na taa.

"Wanalipa?" mmoja akauliza.

"Hawalipi."

Watu wakaanza kunyanyuka. Johari akabaki amekaa.

"Mwalimu, hiyo kazi mtu anaifanya usiku?"

"Usiku, mama. Usiku usio na mwezi. Na sharti moja kubwa, usiwashe tochi. Ukae gizani robo saa nzima kabla ya kupima, macho yazoee."

"Na simu inapiga picha?"

"Simu yoyote inapiga."

"Niandike."

Mwalimu alifurahi, akadhani amepata mpenda elimu. Johari mwenyewe aliniambia baadaye, na hakuona haya: alitaka kisingizio cha kukaa shambani gizani na simu mkononi, anikute mimi nikija kuuvuta mpunga, anipige picha, kisha anipige.

Warda alimtumia simu yenye ufa katikati. Abdulhalim akamfundisha. Johari akachomeka vijiti shamba zima, kila hatua kumi kijiti, kila kijiti kitambaa, na namba za kila kijiti akaziandika kwenye daftari la mjukuu wake, mtoto wa Warda. Usiku wa kwanza alikaa robo saa ananisubiri, sikutokea, akapima. Wa pili, sikutokea, akapima. Juu alitafuta Kilimia, zile nyota tulizofundishwa na mama zetu kuangalia wakati wa kulima. Akiwa kwake hazioni, mbingu nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Akienda ng'ambo ya migomba yangu, anaziona zote, hata zile ndogo. Hilo lilimuudhi. Alidhani hata nyota nimevuta.

Mpunga wa msimu ule ulikuwa umeshaota vizuri, majani mazito. Hata wa mwaka uliopita ulianza hivyo hivyo. Gharibu alipita kila Ijumaa baada ya swala kuutazama, sikio lake limekunjamana kama karanga.

Usiku mmoja wa mwezi wa tatu, mwezi mwandamo umekaribia, nje ya mwanga wa taa giza la kufa, nikasikia filimbi ya Saidy. Kisha sauti yake: "Mwizi! Mwizi bondeni!"

Hapa kwetu mtu mwema anatembea na tochi. Akifika karibu na nyumba au shamba la mtu anamulika chini na anapiga hodi mbali. Tangu ile miaka watu wa Kibiti walipokuwa wakiuawa milangoni mwao, aliye gizani bila tochi hatuulizi jina. Na Johari, kwa kufuata sharti la mwalimu, alikuwa amechutama ndani ya mpunga, nyuma ya vijiti vyake, bila tochi, nguo nyeusi, uso unamulikwa kidogo na simu kutoka chini. Saidy alishuka kwenda haja, akamwona mtu amechuchumaa bila uso, macho tu. Mtu aliyewahi kukatwa panga la shingo hangoji. Rungu lake la kwanza lilivunja mkono wa kushoto wa Johari, la pili likamwangukia kichwani.

Nilitoka na mchi. Siwezi kusema uongo, nilitoka nikiwa na hamu. Tulikuwa watu kama thelathini, wenye fimbo, wenye mapanga, mmoja amebeba chupa ya petroli ya pikipiki yake. Tulimkuta chini kwenye maji ya mpunga, uso wote damu na tope, huwezi kujua mwanamume au mwanamke. Watu wanampiga mateke ya mbavu. Alikuwa hasemi neno. Amekunja mwili kuizunguka simu kama mtu anayefunika mtoto.

Ndipo nikaliona paja. Nguo ile nyeusi ilikuwa imepanda, na taa ya Haruna inamulika vizuri, na kovu lile nililijua kwa sababu nimelichora mimi.

Nitakwambia nilichofanya. Nilinyamaza. Nilihesabu mateke matatu nimenyamaza, na ulimi wangu uko kwenye pengo la jino. La nne lilimpata shingoni, na mwenye petroli akawa anafungua kizibo.

"Huyo ni Johari," nikasema. "Johari wa marehemu Ukasha. Yuko shambani kwake."

Hawakusikia. Watu wakishaonja kupiga, masikio yanaziba. Nikamzungushia mchi mwenye petroli, ukamkuta kiwiko, chupa ikaanguka majini. Nikasimama juu ya Johari, mguu huku na mguu huku. Fimbo moja ikanipata begani, nyingine mgongoni. Niliwapiga watu wanne usiku ule, mmoja ni mtoto wa dada yangu, na hajaja kunisalimia mpaka leo. Aliyewatuliza ni Saidy mwenyewe, alipomulika uso na kumtambua. Alikaa chini kwenye tope.

"Bi Johari, kwa nini hukuwa na tochi? Kwa nini, mama yangu?"

Johari akatema damu. "Mwalimu kakataza."

Wakaenda kutafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali Kibiti. Nikabaki naye. Mkono wake ulikuwa umepinda mahali ambapo hapana kiungo.

"Subira."

"Nyamaza, meno yatatoka."

"Njia ile bado sijaipima, kimebaki kijiti chake cha kwanza. Nyuma ya dungu. Simu hii, inafanya kazi bado."

"Umepigwa kichwani wewe."

"Nimepigwa mkono. Nenda kakipime."

Nikaichukua simu, inateleza kwa damu yake, na kwa hasira zangu zote nikaenda nyuma ya dungu. Nikailaza chini kama nilivyomwona akifanya nilipokuwa nikimchungulia, maana na mimi nilikuwa nikimchungulia. Namba ikatulia.

"Ngapi?" akauliza kutoka kule.

"Sifuri."

"Soma vizuri."

"Nina darasa la saba, Johari. Sifuri naijua. Sifuri."

Nilisikia pikipiki inakuja. "Vijiti vyote vya nje ya njia ile," akasema polepole, "ni nane, tisa, kumi na moja. Hapo ulipo sifuri. Hapo ulipo ndipo mpunga ulipozaa mwaka jana."

Nikageuka. Nilikuwa nimesimama ndani ya kivuli. Taa ya Haruna ilikuwa ng'ambo ya dungu, na kivuli cha dungu kilikuwa kimelala juu ya mpunga, kinatanuka, kinatanuka, mpaka kwenye migomba yangu. Ndiyo ile njia. Na kivuli cha migomba kilikuwa kimelala juu ya shamba langu lote.

Hakuna aliyeomba radhi. Pikipiki ilifika, tukampakia katikati, akapiga yowe mara moja tu, mkono ulipoguswa.

Abdulhalim alikuja hospitali amekonda kwa hofu. Alipoona daftari akasahau kutoa pole. Akatueleza kwamba mpunga wetu wa asili unahesabu usiku. Mvua zikielekea mwisho usiku unarefuka, mpunga unahisi, unashika mimba, unatoa suke. Ukiumulika usiku kucha unadhani siku bado ndefu, unaendelea kuota majani tu.

"Una mpaka lini?" nikauliza.

"Mwezi wa nne ukiingia taa iko vile vile, umechelewa."

Ulikuwa umebaki na siku kumi na mbili.

Mkutano ulikaa mbele ya ghala. Johari alikuja mkono umefungwa hogo jeupe, ile plasta ya kuungia mfupa, mpaka juu ya kiwiko, jicho moja limefumba. Haruna aliweka kiti chake mlangoni, akasikiliza yote, akasema, "Mimi pole nimetoa, na hospitali nimelipa. Taa sizimi. Mlinzi wangu alikatwa shingo hapa. Mnataka akatwe tena ili mpunga ulale usingizi?"

Watu wakacheka. Gharibu alicheka kuliko wote, akasimama. "Mwanamke akishindwa shamba, anatafuta taa ya kuisingizia. Mimi nasema tusipoteze muda, shamba..."

Hakumaliza. Johari alimpiga na hogo. Lilimkuta juu ya jicho, mtu mzima akaenda chini kama gunia la ufuta, na hogo likapasuka. Maumivu yalimpanda Johari mpaka midomo ikawa ya kijivu, lakini alibaki amesimama, akamgeukia Haruna.

"Mwalimu, msomee huyu bwana namba za nyuma ya ghala lake."

Alikuwa amepima mpaka huko, siku za mwanzo, akinitafuta. Abdulhalim akafungua daftari. Mbele ya ghala kwenye mpunga, kumi na moja. Mlangoni, nne. Ukuta wa nyuma, sifuri, sifuri, sifuri.

"Taa yako inalinda mpunga wangu," Johari akasema. "Ghala lako hailijui. Saidy, mwanangu, waliokukata walitokea wapi?"

Saidy hakumtazama tajiri wake. Shingo haikumruhusu. "Walitokea nyuma, mama."

Haruna alichezesha funguo. Kisha akasema, "Leteni ngazi."

Saidy alipanda mwenyewe. Akaigeuza taa ikatazama chini na nyuma, akaifunika juu kwa nusu ya debe lililokatwa, likawa kama kofia. Usiku ule bonde likawa giza, na watoto wakalalamika, na mimi nikarudi kutwangia nyumbani kwa kibatari. Johari alirudishwa Kibiti kufungwa hogo jingine, na daktari akamwambia akivunja na hilo ajitibu mwenyewe.

Mpunga ulichelewa. Mwezi wa nne wote tulikuwa tunapasua mashina kwa kucha, tunatazama ndani kama kuna kitu. Gharibu naye alikuja na jicho lake, akapasua, akatupa. Wiki ya mwisho, asubuhi, Johari aliniita kutoka mpakani, kwa mara ya kwanza bila tusi.

"Njoo uone."

Suke la kwanza lilikuwa limetoa ncha, jembamba, lina unga mweupe. Si kwenye njia ile. Katikati kabisa ya shamba. Aliingiza mkono mmoja majini akanawa uso, akaunawa tena.

Alivuna mwezi wa sita, baada yetu wote, magunia kumi na moja. Wazee wa ukoo walikuja wakahesabu, wakaenda zao, na Gharibu hakuja.

Siku ya pili yake nilikuwa uani napepeta. Johari akaingia, hogo limetolewa, mkono mwembamba kama wa mtoto, na kwapani amebana mti. Akautupa miguuni kwangu. Ulikuwa mpini wa mkwaju, mzito, umechongwa kwa mkono mmoja, kwa hiyo upande mmoja una mabonde.

"Haya. Nisidaiwe tena."

Nikauokota, nikaupima mkononi, nikautazama urefu wake kwa jicho moja kama wafanyavyo mafundi.

"Umepinda."

"Wewe je?"

"Na ni mzito. Ule wa mwanzo ulikuwa mwepesi."

"Wa mwanzo ulikatika mgongoni kwako. Huu hautakatika."

Nikaingia ndani nikaleta jembe, lile lile, lililokaa bila mpini msimu mzima. Johari akalishika kwa mkono mzima, mimi nikaugonga mpini kwa jiwe mpaka ukakaza.